Chokaa Chini ya Taa ya Mama Amoit

Wiki iliyopita mmoja wenu alinijia hapa nyumbani Burumba na mchoro kwenye simu. Amepata kazi ya kupanga taa za chumba cha burudani kilicho chini ya nyumba ya mtu mwenye uwezo wake, upande wa Matayos. Mchoro ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Taa za utepe zinazobadilika rangi, taa ndogo zilizochimbiwa darini kama ishirini hivi, na rimoti ya kupunguza mwanga ukiwa umejilaza kwenye kochi. Nikamuuliza, "Na watakaokaa humo ni akina nani?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mbuzi kanisani. Akasema, "Mzee, si ni watu tu?"

Sikumcheka. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo hivyo, tena kwa majivuno zaidi, mwanzoni mwa miaka ya sabini pale Malaba. Kwa ajili ya jibu hilo nilimnyamazisha mzee mmoja mcheshi karibu wiki nzima, na nusura nimvunje moyo binti yake. Kwa hivyo nyinyi mnaoshika koleo leo, wekeni simu chini kidogo. Hii ndiyo kazi moja ambayo nikiikumbuka naona aibu na kujivuna kwa wakati mmoja.

Kwanza nimtaje aliyenifundisha, maana bila yeye ningekuwa nauza mkaa. Mzee Wandera alijifunzia waya kwenye karakana za reli, akarudi kwao kuwa fundi wa stima wa kujitegemea. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mkoba wa ngozi uliokuwa na mafuta ya miaka mingi, na kila mahali alipokwenda alibeba kigoda cha miguu mitatu. Wateja walishangaa. Mtu anaitwa aweke taa, anaingia chumbani, anaweka kigoda kwenye kona moja, anakaa. Hapimi, haandiki. Baada ya muda anahamia kona ya pili, anakaa tena. Wengine walidhani amechoka, wakamletea chai.

"Mimi siweki taa kwa dari," alikuwa akiniambia. "Naweka kwa mtu. Dari ni pahali pa kushikilia tu."

Mimi niliona ni uzee. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina cheti, na nilijua kuhesabu wati. Nilikuwa nimeshaona hoteli kubwa za Kisumu, walau kwa nje, na kichwa changu kilikuwa kimejaa rangi. Nilipenda sana balbu za rangi. Hapa hapa Burumba nilimwekea mwenye hoteli mmoja balbu ya kijani juu ya meza ya nyama choma, nikaona nimefanya kazi ya kistaarabu. Wateja wakaja, wakatazama sahani, wakainusa nyama, wakairudisha. Chini ya kijani nyama nzuri kabisa inaonekana ni ya juzi. Mwenye hoteli alimwita Mzee Wandera, akamwambia kijana wake amemtia hasara. Mzee hakunigombeza hata kidogo. Alivuta kiti, akaagiza sahani ya nyama ile ile, akaila yote polepole chini ya ile balbu ya kijani watu wakimtazama, akapangusa vidole, ndipo akapanda ngazi kuibadilisha. Watu walianza kuagiza kabla hajashuka. Nimewahi kufanya kazi na mainjinia wenye magari, lakini sijaona mwingine ambaye angekula kosa la mwanafunzi wake namna ile.

Sasa Malaba. Mama Amoit alikuwa mjane mwenye duka la jumla kando ya barabara ya malori, mwanamke wa Kiteso mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Ploti yake ilikuwa kwenye mteremko. Mwashi alipochimba msingi upande wa nyuma alijikuta ameenda chini sana, akamshauri badala ya kujaza udongo atengeneze chumba. Hivyo duka likawa juu, na chini yake chumba kirefu, hatua zangu kumi na nane kwa nane, chenye ngazi moja ya kuteremkia na vitundu vya hewa karibu na dari. Saa sita mchana ukiingia humo unapapasa kuta.

Alitaka kiwe chumba cha starehe. Upande mmoja gramofoni na nafasi ya kucheza dansi, kwa vijana na wafanyabiashara waliosubiri magari yao yapite mpakani. Upande wa pili alitaka pawe mahali pa chungu. Wale ambao hamjakaa na Wateso niwaeleze: pombe yao ya wimbi, ajono, inawekwa kwenye chungu kimoja kikubwa, wazee wanakizunguka kwenye vigoda, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto yanaongezwa kidogo kidogo. Pombe ni sababu tu ya kukaa. Kinacholetwa pale ni maneno: mashauri, utani, habari za ng'ombe, nani ameoa, nani amekosea.

Baba yake Mama Amoit, Papa Omuse, ndiye aliyekuwa roho ya chungu hicho. Kwa miaka yote kilikuwa nje, uani, na mvua ikinyesha wanatawanyika. Binti alitaka kuwapa wazee mahali pakavu.

Siku ya kwanza tulikwenda wote wawili, mimi na Mzee Wandera. Wazee walikuwa uani wanakunywa. Nilimsalimia Papa Omuse kwa Kiteso changu cha kuokoteza, "Yoga, papa," akaniitikia vizuri, akaniuliza mimi ni wa wapi, akanitania kwamba sisi Wakhayo wote tunajua kula kuliko kufanya kazi. Aliwachekesha wenzake mpaka mmoja akapaliwa. Niliona mambo mawili ambayo sikuyawekea maana. La kwanza, alikuwa anasogeza kigoda chake kila jua lilipohama, ili jua liwe mgongoni mwake. Nikadhani macho yanamuuma. La pili, Mzee Wandera alipomsalimia alichuchumaa mbele yake, akavua kofia yake mwenyewe, ndipo akaongea, polepole. Nikadhani ni heshima za watu wa zamani.

Mzee Wandera alikuwa na kazi nyingine Angurai, ya kuweka waya kwenye nyumba ya mapadre. Akaniachia hii. "Hii ifanye mwenyewe," akasema. "Lakini kabla hujapiga msumari, kaa na wao siku moja. Kaa tu."

Nikamjibu ndiyo mzee. Sikukaa hata dakika kumi.

Nilichofanya ni hiki. Nilichora mchoro wangu kwenye karatasi ya kufungia sukari, na kwa kweli ulikuwa na akili ndani yake. Malaba tulikuwa tunategemea jenereta ndogo ya Mama Amoit iliyokuwa ikikohoa nyuma ya duka, na ukiwasha balbu nyingi pamoja na gramofoni, santuri inaanza kuimba kama mtu mwenye usingizi. Kwa hivyo nilihesabu kila wati. Upande wa dansi niliweka balbu nyekundu na za buluu ukutani, juu ya vichwa, zisiwapige wachezaji machoni. Ngazi nikaipa balbu yake, kwa sababu mtu akianguka kwenye ngazi hakuna atakayeuliza muziki ulikuwa mzuri au mbaya. Kila upande ukawa na swichi yake. Hayo yote hata leo ningeyafanya vile vile, na nyinyi msiyaache.

Swichi zenyewe ndizo zilizonitoa jasho. Nilizipanga zote chini, ukutani, safi, kwa mstari. Mama Amoit akaja kukagua, akasimama juu ya ngazi kwenye giza tii.

"Fundi," akasema, "hizi taa zinawashwa wapi?"

"Huku chini, mama."

"Na mimi nikifungua asubuhi nitashuka namna gani? Ama utakuwa unalala huko unaningoja?"

Nikang'oa, nikaweka swichi mbili za ngazi, ya juu na ya chini, zinazoelewana. Mpaka leo nikiingia nyumba yoyote, kitu cha kwanza kutafuta ni swichi ya ngazi iko wapi, na bado nawakuta mafundi wenye digrii wameiweka chini.

Juu ya chungu niliweka balbu moja ya wati mia, katikati kabisa, imening'inia kwenye waya mrefu. Nilipoiwasha ule upande wote uling'aa. Ukiangusha sindano unaiona. Nikasimama pale mikono kiunoni, nikijisifu moyoni. Mama Amoit aliuliza jambo moja tu: "Watu wataonana hapo vizuri?"

"Mama," nikamwambia, "hapa hata mchwa wataonana."

Nilimwona anataka kuongeza neno, akaliacha.

Ufunguzi ulikuwa Jumapili alasiri, baada ya watu kutoka kanisani. Nilivaa shati jeupe. Wazee waliteremka ngazi mmoja mmoja na kofia zao, zile kofia nzito zenye ukingo mpana, zawadi za wakwe na watoto wa mjini. Mteso mzee kwenye chungu havui kofia yake, na kumwambia aivue ni kujitafutia maneno. Wakakaa, wakachukua mirija. Gramofoni ikaanza. Vijana wakajaa upande wao, vumbi likatimka, nikasifiwa. Kuna mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo ya mpaka, Tororo, aliyenishika bega akaniita "sebo", bwana kwa Kiganda, akaniambia nimewafikisha mjini.

Papa Omuse aliketi kama robo saa. Nilikuwa namtazama kwa sababu nilingoja sifa zake, utani wake unanogesha kazi. Hakusema kitu. Mwenzake mmoja alimwambia jambo, akatabasamu tu. Mwingine akamuuliza swali, akatikisa kichwa kuitikia, na wote wakamkodolea macho, maana swali halikuwa la ndiyo wala hapana. Baadaye nilisikia kwamba aliulizwa mjukuu wake amezaliwa siku gani. Aliuweka mrija wake taratibu, akasimama, akapanda ngazi bila kuaga.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Wenzake walisema labda amekasirika, wengine wakasema labda utajiri wa binti umempanda kichwani, hataki tena kukaa na maskini. Maneno ya namna hiyo yakianza kwenye chungu hayana breki. Jumatano nilikwenda kuchukua ngazi yangu ya kazi, nikamkuta Mama Amoit amekaa kwenye ngazi za chumba, taa zimezimwa, kanga usoni. Nikataka kurudi nyuma kimya kimya, akaniona.

"Hiki chumba nilijenga kwa ajili ya baba yangu," akasema. "Si juu ya dansi. Mama alikufa, akabaki na hicho chungu tu. Sasa amekaa kwa nyumba anatazama ukuta. Fundi, nakwambia, akikaa hivyo peke yake mwaka hauishi nikiwa naye."

"Kwani taa ina makosa gani, mama?"

"Sijui. Wewe ndiye fundi."

Hakuna jibu lililowahi kuniuma kama hilo. Nikadandia lori la mahindi lililokuwa likielekea Angurai siku hiyo hiyo, kumtafuta Mzee Wandera. Nilimkuta kwa mapadre, juu ya dari, miguu inaning'inia. Nilimweleza kila kitu kutoka chini na shingo ikaniuma. Aliniuliza swali moja: "Ulikaa na wao?"

Nikatazama viatu vyangu. Akashuka, akafunga mkoba, akachukua kigoda.

Kesho yake asubuhi tulikuwa Malaba. Alimwomba Mama Amoit awashe jenereta, aweke na santuri, kwa sauti ile ile ya Jumapili. Kisha akatoa mfukoni matonge mawili ya pamba, ile yetu ya shambani ambayo haijachambuliwa vizuri, akanipa.

"Tia maskioni. Sukuma mpaka ndani. Halafu kaa pale, kwa kigoda cha Papa."

Nikatia, nikakaa. Dunia ikazimika. Muziki ulibaki kama mtetemo tu kwenye makalio. Mzee Wandera akaketi ng'ambo ya chungu, akavaa kofia yake yenye ukingo, na Mama Amoit akachukua kofia ya zamani ya baba yake msumarini akaivaa, akakaa kando yake. Wakaanza kuzungumza wao kwa wao, na kwangu mimi.

Vijana wangu, nilitazama watu wawili wasio na nyuso. Ile balbu yangu ya mia, iliyoonyesha sindano sakafuni, ilikuwa inapiga juu ya kofia, na chini ya ukingo palikuwa peusi tititi. Niliona mabega, niliona mikono, niliona mrija unaingia kwenye giza. Midomo sikuiona. Ndipo nikajua. Yule mzee aliyenitania kuhusu Wakhayo, aliyeniuliza natoka wapi na kunijibu kila neno, alikuwa hasikii kitu. Uani, jua likiwa mgongoni kwake, lilikuwa usoni kwa wenzake, na yeye alikuwa akiwasoma midomo. Alikuwa akihamisha kigoda ili asipoteze maneno. Mimi nilimchukua mtu huyo nikamweka mbele ya watu kumi, nikawazima midomo wote.

Nilitoa pamba. Mama Amoit alikuwa amevua kofia.

"Ni ugonjwa wa zamani," akasema, "mimi nikiwa mdogo. Kichwa kilimuuma wiki mbili, akaamka hasikii. Wazee wanajua maskio yake ni mazito kidogo. Hawajui ni yote. Alinikataza kusema kwa mtu yeyote, na mimi siwezi kuvunja neno la baba."

"Na sisi hatutavunja," akasema Mzee Wandera.

Tukaanza kazi. Kwanza nilishusha balbu karibu na chungu. Ikaumiza macho na bado kofia zikashinda. Nikaweka taa mbili ukutani, nyuma ya vigoda: waliokaa kusini wakaonekana vizuri, wa kaskazini wakawa vivuli. Nikahamisha upande wa pili, ikawa kinyume. Kila mara Mzee Wandera alinirudisha kwenye kigoda na pamba masikioni, na kila mara nilitikisa kichwa. Saa saba ikafika. Jenereta ikaisha mafuta, ikaongezwa. Nilikuwa nimetoboa kuta kiasi cha mwashi kutaka kulia.

Kilichotuokoa ni chai. Mama Amoit aliteremka na sinia kubwa la bati jeupe, vikombe juu yake, akaniinamia nichukue kimoja. Alipokuwa anapita juu ya nafasi ya chungu, sinia likiwa chini ya ile balbu ya katikati, ghafla uso wa Mzee Wandera ulitokea chini ya kofia. Wote. Kidevu, ndevu nyeupe, midomo. Nikaiona midomo ile ikisema jina langu na kitu kingine baada yake. Kisha sinia likapita na uso ukapotea.

Nikapiga kelele, na kwa sababu ya pamba sikujua ni kubwa kiasi gani. Mama Amoit alimwaga chai. "Rudisha sinia!" Akarudisha. Uso ukarudi. Mwanga ulikuwa ukishuka, unagonga weupe, unapanda tena kuingia chini ya kofia. Kwa siku nzima nilikuwa napigana na dari, na dawa ilikuwa sakafuni.

Baadaye nilimuuliza Mzee Wandera alisema nini pale baada ya jina langu. Alisema, "Huyu ni mpole wa kuelewa, lakini akielewa hasahau." Nikaona kazi ya siku hiyo imelipwa.

Ijumaa mwashi alimwaga duara la saruji kuzunguka mahali pa chungu, pana kufikia miguu ya wazee, likiwa limeinuka kidogo. Jumamosi nikalipiga chokaa mara tatu. Juu yake nikaweka balbu mbili badala ya moja, mbalimbali kidogo, ili kivuli cha moja kifutwe na nyingine. Kila balbu nikaifunika na kofia niliyoikata kutoka sufuria kuukuu la alumini, mwanga usimpige mtu machoni, wote uende chini kwenye weupe. Zile za rangi za dansi nikazikinga kwa ubao zisivuke upande wa wazee, maana midomo chini ya nyekundu nayo haisomeki. Mwisho nikatia pamba, nikakaa, na Mzee Wandera akahesabu ng'ombe wa kwao kwa majina kutoka ng'ambo ya chungu. Nilikuwa sijui kusoma midomo, lakini niliona kila jina likitoka.

Likabaki swali la chokaa. Wazee watauliza, na jibu la kweli si letu kulitoa. Mzee Wandera hakupepesa macho. Jumapili walipoteremka na mmoja akauliza hii chokaa ni ya nini, akasema kwa uso mkavu, "Siafu, boss. Siafu hawavuki chokaa. Wakinusa ajono watakuja mpaka kwa suruali yako." Wazee wakakubali, wakasifu. Ndani ya miezi miwili vilabu karibu vyote vya Malaba vilikuwa vimepiga duara la chokaa kuzunguka vyungu, na mafundi wenzangu walikuwa wakinieleza mimi, kwa kina, jinsi siafu wanavyoogopa nyeupe. Nilikuwa naitikia tu.

Lakini Jumapili hiyo Papa Omuse alikuwa bado hajaja. Binti yake alimfuata nyumbani mara mbili. Mara ya tatu alikwenda Mzee Wandera mwenyewe. Sijui alimwambia nini. Najua alivua kofia na kuchuchumaa hadi magoti chini, kwa sababu suruali yake ilirudi na vumbi magotini. Walitokea juu ya ngazi pamoja. Papa Omuse alisimama pale, akatazama chini. Nikaona macho yake yanatoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine kuzunguka duara lote, polepole, anawahesabu. Akateremka. Mama Amoit alikuwa nyuma ya kaunta ndogo ya humo chini, ameshika kitambaa, hakufuta chochote.

Alikaa. Akapewa mrija. Jirani yake, yule yule wa swali la Jumapili iliyopita, akamuuliza tena habari za mjukuu, nadhani kwa kumchokoza. Papa Omuse akanyonya kwanza, akameza, akasema, "Alizaliwa Alhamisi. Wewe unauliza sana siku, kwani umemletea kuku?" Chungu kizima kikaangua kicheko. Mama Amoit akageukia ukuta, akajifuta macho kwa kile kitambaa, na mimi sikuona haya kulia pia.

Kisha muziki ukapandishwa. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulipanga. Wazee walianza kupigiana kelele masikioni, "Ati? Umesema?" Hakuna aliyemsikia mwenzake, ila mmoja. Papa Omuse alikuwa anajibu huyu, anamkosoa yule, anacheka na utani wa mtu wa ng'ambo ambao hata jirani wa mtu huyo hakuusikia. Wakaanza kumgeukia. "Papa, huyu anasema nini?" Naye anawaambia. Katika chumba kile kilichojaa kelele za dunia, yeye peke yake ndiye aliyekuwa hapitwi na neno.

Nilikuwa nimeketi kando ya Mzee Wandera, ndani ya duara, nimepewa mrija kwa heshima ya kazi. Nilimtazama mwalimu wangu kwa upendo na kwa hasira kidogo. Nikamwinamia, nikasema, si kwa sauti kubwa, "Mzee, ulijua tangu siku ya kwanza. Mbona hukuniambia?"

Akaweka mkono kwenye sikio. "Ati?"

Kabla sijarudia, Papa Omuse, aliyekuwa ng'ambo ya chungu, alitoa mrija mdomoni, akanitazama chini ya kofia yake, uso wake wote uking'aa kwa chokaa.

"Na wewe fundi," akasema, "mbona hukuniuliza?"